Lenzi Iliyosafiri na Nepi

Adriko hakuniuliza kama najua kupiga picha. Aliniuliza kama nina lenzi yenye nembo nyekundu ubavuni.

Ni kijana wa Pajulu, anauza simu Arua mjini, na viatu vyake vinang'aa kuliko biashara yenyewe. Jumamosi ile alikuwa anakwenda Ludara, kule Koboko, kujitambulisha kwa wazazi wa Nora. Mbuzi walikuwa tayari, wajomba walikuwa tayari, suti ilikuwa inabana lakini nayo iko tayari. Kilichobaki ni mpiga picha. Akanieleza kwamba wakwe zake ni watu wa kuangalia sana, na shemeji zake wanashinda kwenye intaneti, wanajua lenzi ya maana ina nembo nyekundu. Nikitokea na kitu feki, nitakuwa nimemvua suruali mbele ya ukoo mzima. Picha zikipendeza, harusi ya kanisani ya Desemba ni yangu. Zikiharibika, anampa Francis.

Francis ana studio. Nilimbebea tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, miaka miwili, mpaka mimba ilipojitokeza, ndipo akaamua kwamba tripodi na tumbo haviwezi kupita mlango mmoja. Sasa Sandra wangu ana miezi kumi, anatambaa kama mtu aliyechelewa gari, na mimi nina kamera yangu mwenyewe. Ni ya mkono wa pili, lakini jicho lake la ndani la kupokea mwanga ni kubwa, lile wanaloita fulu-fremu. Tatizo lilikuwa lenzi. Nilikuwa nayo moja tu, fupi, isiyovuta. Ukitaka sura ya mtu iwe kubwa, unamfuata kwa miguu.

Nikamwambia Adriko lenzi ipo. Uongo ule niliutamka kwa sauti ya kanisani.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Mogga, mfanyabiashara wa kutoka Sudani Kusini ambaye duka lake lina jenereta, vinanda vya kwaya, na kamera zilizokwisha kuona harusi nyingi kuliko padri. Alikuwa na lenzi mbili za kuvuta zinazoingia kwenye kamera yangu, zote zimetumika, na akiba yangu ingenunua moja. Akazilaza juu ya kaunta kama mtu anayeonyesha mapacha wasiofanana.

“Hii iko orijino, ya kampuni yenyewe ya kamera,” alisema. “Hii ingine iko ya kampuni ingine. Lakini inaingia, kama mke ya pili.”

“Mke wa pili anaingia wapi?”

“Kwa nyumba, dada. Wewe nawaza nini?”

Orijino ilikuwa 24 mpaka 70, namba za kuvuta, ndogo huona pana na kubwa huleta karibu. Nzito, imechakaa kidogo pembeni, na ile nembo nyekundu inawaka kama taa ya breki. Mdomo wake hubaki wazi kwa upana uleule, 2.8, hata ukivuta mpaka mwisho, kwa hiyo inakunywa mwanga hata ndani ya nyumba yenye dirisha moja. Ya pili ilikuwa 28 mpaka 200. Nyepesi, haina nembo yoyote ya kumtisha mtu, na ukiivuta mdomo wake unazidi kusinyaa mpaka 5.6, maana namba ya mdomo ikikua tundu linapungua. Lakini inafika mbali. Na haikuwa feki. Imeandikwa jina la kampuni yake wazi kabisa, kampuni inayotengeneza lenzi za kuvaliwa na kamera za watu wengine. Kwetu Arua kitu kisichokuwa na jina la kamera kinaitwa feki tu, hata kama hakijamkosea mtu.

Nilimwomba Mogga aniachie zote mbili mpaka Jumatatu, nizijaribu kazini. Nilikuwa nimempigia picha za ubatizo wa binti yake, kwa hiyo hakuweza kukataa mara moja. Akataka niache kitu cha maana. Kitu cha maana nilichokuwa nacho ni cheti cha darasa la jioni, kile cha biashara ndogondogo, nilichosoma huku Sandra akinipiga mateke kutoka ndani. Mogga alikichukua, akakisoma, akakitundika ukutani nyuma ya kaunta kama chake.

Katika darasa lile mwalimu alitufundisha kwamba ukishindwa kuamua, unachora mstari katikati ya karatasi. Nyumbani nikachora. Upande wa orijino nikaandika mwanga, nikaandika inachora kila unywele, nikaandika siku ya kuiuza haitanitupa, nikaandika Adriko. Upande wa pili nikaandika inafika mbali. Nikakaa. Baadaye nikaongeza ni nyepesi, maana anayebeba mtoto mgongoni anaujua uzito kwa majina. Sandra akaitafuna karatasi kabla sijamaliza, lakini tayari ilionekana nani anashinda.

Kwa hiyo Jumamosi orijino ilikwenda Koboko juu ya kamera, kifuani, kama mke wa ndoa. Ile nyingine ilisafiri kwenye mfuko wa nepi.

Shangazi za Nora walikuwa wanatusubiri. Uwanjani pale Ludara palikuwa na mahema mawili yanayotazamana, la kwao na la kwetu, na katikati wameweka kamba ya kufungia mbuzi, imenyooshwa juu ya vigingi viwili kwa kimo cha goti. Aliyesimama nyuma ya kamba ni Shangazi Keji, dada mkubwa wa baba yake Nora, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo uliofungwa kama kopo jipya. Akatutangazia sheria. Mpaka mbuzi wakubaliwe, hakuna mtu wa upande wa wakwe kuvuka. Atakayevuka analipa mbuzi mmoja kwa kila mguu.

Alionzi, mjomba wa Adriko na msemaji wetu, akaninong'oneza kwamba kama ni lazima nivuke, nivuke kwa kuruka mguu mmoja.

Nikanyoosha mkono nikauliza kama mpiga picha naye anahesabiwa. Shangazi Keji akaniuliza nimekuja na gari la nani. La Adriko. Nimekula chapati ya nani njiani. Ya Adriko. Akafunga tena mdomo. Nimekuwa mkwe.

Kuanzia kwenye kamba mpaka walipokaa shangazi palikuwa kama hatua kumi na tano. Nikapiga. Nikavuta orijino mpaka mwisho wake, 70, nikapiga tena. Nikatazama kwenye kioo cha kamera. Uwanja mkubwa, anga kubwa, hema kubwa, na chini yake safu ya shangazi wenye ukubwa wa vidole. Vidole vilivyochorwa vizuri sana, kila kidole na kitambaa chake. Na Nora walikuwa wamemficha ndani ya nyumba ya nyasi nyuma yao, pale penye giza ambalo orijino ingelinywa lote bila kupumua. Lenzi ile ilikuwa hodari kabisa mahali nisiporuhusiwa kuingia.

Lakini nembo ilikuwa inaonekana. Nilimwona shemeji mmoja kule ng'ambo akimgusa mwenzake na kuonyesha kwa kidevu, na Adriko akavuta tai yake kwa raha.

Nilikuwa nimemweka Sandra kwenye mkeka miguuni pangu, na kikombe cha plastiki cha kugonga. Nikapiga magoti kutafuta pembe nzuri. Nilipoinuka, kikombe kilikuwa pale, Sandra hayupo. Alikuwa anapita chini ya kamba, matako juu, anaelekea bakuli la karanga za kusaga lililokuwa mbele ya shangazi.

Shangazi Keji akamwinua kwa kwapa, akamgeuza, akamtazama mbele na nyuma kama anayenunua.

“Mkwe amevuka,” akasema.

Alionzi akasimama, akarekebisha koti. Akasema kwa heshima zote kwamba sheria ilitaja miguu, na huyu bado hajaanza kutumia miguu.

“Basi magoti mbili na mikono mbili. Iko nne.”

Wakabishana pale kwa raha yao, hema moja na hema lingine, kama magoti yanaweza kulipiwa mbuzi. Mwishowe wakakubaliana kwamba mtoto atabaki ng'ambo mpaka mbuzi wahesabiwe, na hesabu ikienda sawa atarudishwa bure. Mimi mama yake sikuulizwa. Nilijua ni mchezo, kila mtu alikuwa anacheka, lakini maziwa hayajui mchezo. Nilihisi blauzi inaanza kulowa.

Nikainua kamera nimtazame tu. Nikavuta mpaka 70. Mwanangu alikuwa na ukubwa wa harage. Harage safi, kali, orijino.

Hapo nikafungua mfuko wa nepi.

Kubadilisha lenzi vumbi la Koboko likiwepo ni kama kubadilisha nepi ya mtoto anayetaka kukimbia. Unafanya haraka na hupumui. Nikaivuta ile ya kampuni nyingine mpaka 200, ikarefuka mkononi mwangu kama shingo ya kobe. Ng'ambo shangazi mmoja akaiona inavyorefuka. Akasema kwa sauti kwamba ile ya kwanza haikuwa na tabia hiyo. Mwingine akauliza inauzwa wapi, amchukulie mzee wake. Sitaandika yaliyofuata, maana baba mkwe alikuwa anasikia.

Nikaweka jicho. Na Sandra akaja. Alikuja mzima mzima, na mashavu yake, na ule unywele mmoja unaokataa kulala. Alikuwa kwenye paja la Shangazi Keji, anailamba karanga kwenye kidole cha yule mama na kuivuta shanga yake kwa mikono miwili. Hakunitafuta hata kidogo. Liliniuma hilo, na nikashukuru pia, vyote kwa pamoja. Shangazi Keji alikuwa anamwambia kitu sikioni. Sandra akampiga kofi la karanga kwenye pua, na mdomo ule uliofungwa tangu asubuhi ukafunguka. Akacheka. Juu, mbele, jino moja halikuwepo.

Nikabonyeza.

Adriko alinisogelea akiwa ametabasamu kwa ajili ya wageni, akaongea kupitia meno.

“Nembo iko wapi?”

“Inapumzika.”

Akaniambia, tabasamu bado liko mahali pake, kwamba Francis hawezi kumfanyia hivi. Nikaichukua orijino, nikaisimamisha mezani mbele yake kati ya chupa za soda, nembo ikiwatazama wakwe. Akakaa. Shemeji wakatikisa kichwa kwa heshima. Ilifanya kazi yake pale kuliko ilivyofanya mikononi mwangu.

Basi nikaendelea kupiga. Nora alipotolewa nje na dada zake, kichwa chini, nilimpata akichungulia kwa jicho moja kuona kama suti ya Adriko inabana kweli. Nilimpata baba yake akijifanya hajali huku anakunja kitambaa mara kumi. Nilisimama mahali pamoja kama kigingi, na watu wakaja kwangu mmoja mmoja bila kujua wamekuja.

Sandra ndiye aliyeivunja kazi. Akalia kilio chake cha kunyonya, ambacho hakina mjadala. Shangazi Keji akamleta mpaka kwenye kamba, akanipitishia juu yake, akasema sheria ya maziwa iko juu ya sheria ya mbuzi. Nikakaa chini upande wangu, nikamnyonyesha. Yeye akabaki amesimama upande wake, kidole bado kina karanga, akataka kuona nilichopiga muda wote huo.

Kosa langu ni kwamba nilianza na picha yake.

Aliitazama kwenye kioo. Nikamkuzia, maana nilikuwa najivuna. Akaona pengo. Mdomo ukajifunga.

“Wewe umevuka,” akasema.

Nikamwambia sijavuka, nimekaa hapa hapa. Akageuka akawaita shangazi wenzake, wakaja wote, wakaegemea kamba. Akawaonyesha picha ya kwanza, ile ya orijino. Hii ni ya mtu mwenye adabu, akasema, mtu aliyekaa kwao, sisi tuko mbali. Kisha akawaonyesha yake. Nani anaweza kuona jino la mtu, tena jino lisilokuwepo, kama hajafika mpaka kwenye paja? Wakakubaliana kwamba hakuna. Mbuzi wawili, mmoja kwa kila mguu. Alionzi akaja mbio, akasikia ushahidi, akaona picha, na yeye mwenyewe, msemaji wetu, akaniuliza nilivuka saa ngapi.

Sandra alikuwa bado amening'inia kifuani. Sikuwa na jinsi ya kusimama kujitetea. Nikamnyooshea Shangazi Keji kamera juu ya kamba.

“Shikeni, Shangazi. Tazameni hema letu. Zungusheni hapa.”

Aliishika kwa mikono yote miwili, na karanga zake. Akaweka jicho. Akazungusha ule mpira wa kuvutia. Akashtuka, akarudi nyuma hatua moja, kama Adriko amemrukia. Akazungusha tena polepole. Kisha akaanza kutembeza jicho kwenye hema letu, na uso wake ulifanana na wa mtu aliyefunguliwa stoo ya jirani. Akawatangazia wenzake kwamba mkwe ana mchuzi kwenye tai. Kwamba yule wa koti la kijivu analala na macho wazi. Akainua lenzi kidogo, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikaenda nyuma ya hema ambako mbuzi wetu walikuwa wamefungwa kwenye gurudumu la gari, wasionekane kabla ya wakati.

Akavuta mpaka mwisho.

“Ile ya katikati,” akasema, “mguu yake moja haigusi chini.”

Mimi sikujua. Naapa kwa mtoto niliyekuwa naye kifuani. Walikuwa wamemfunga mbuzi kilema katikati ya wawili wazima, bega kwa bega, ili asimame kama mwenye afya. Alionzi akafungua mdomo, akasema mbuzi yule anapumzisha mguu. Hema la ng'ambo likaanguka kwa kicheko.

Adriko hakucheka. Alikuja mpaka pale nilipokaa, akainama, na safari hii tabasamu alikuwa ameliacha mezani pamoja na nembo.

“Umekuja kupiga picha au kutupeleleza? Desemba usije.”

Nilitazama chini. Sandra alikuwa anatabasamu bila kuachia. Niliwaza Francis, na mlango wake, na tripodi. Niliwaza kwamba lenzi hata sijainunua, tayari imenifukuzisha kazi.

Shangazi Keji alikuwa amesikia. Kamba haikuzuia masikio. Akasema kwanza tumalize kesi ya mpiga picha. Yeye mwenyewe amemwona mbuzi yule mpaka kwato, na miguu yake iko hapa, wote mashahidi. Kama kuona ni kuvuka, basi yeye amevukia ukweni na anadaiwa mbuzi wawili. Na yeye hana nia ya kulipa. Kwa hiyo kuona si kuvuka. Kesi imekwisha. Mbuzi kilema atabadilishwa na mzima siku ya kanisani, na Alionzi atamrudisha huyu mwenyewe, kwa mkono, akimtembeza polepole.

Kisha akanipa kamera, akaniomba nimrudishie ile picha yake. Nikamfungulia. Aliitazama muda mrefu, kidole kikizunguka kioo bila kukigusa.

“Hii jino ilitoka, iko miaka sita sasa,” akasema, taratibu, kama anaongea na Sandra. “Kila mutu akija na kamera, mimi naona yeye nakuja, nafunga mdomo. Wewe hukukuja.”

Akamgeukia Adriko.

“Mkwe, Desemba iko huyu mama. Ukileta mutu mwingine, na sisi tunaleta bibi harusi mwingine.”

Adriko alitazama upande wa Nora, ambaye alikuwa ameinua kichwa chote sasa na anamtazama bila aibu, akisubiri jibu. Akavuta tai, mchuzi na yote. Akasema alikuwa anatania tu. Akaniomba jambo moja, kwamba ile orijino ibaki mezani mpaka shemeji waondoke.

Jumatatu nilizirudisha zote mbili kwenye kaunta ya Mogga. Orijino ilikuwa safi kama ilivyotoka. Ile nyingine ilikuwa na karanga za kusaga katikati ya meno ya mpira wa kuvutia, nimejaribu kwa mswaki wa Sandra zikagoma. Mogga akainusa. Akasema hii siwezi kuirudisha tena, imeshaolewa.

Nikamwambia nilishachagua kabla ya karanga. Akashangaa. Akaniambia watu wengi wangeuza kitanda wapate ile ya nembo. Nikamjibu kwamba iko nzuri, sina neno nayo, na siku moja nikiwa mtu wa kukaribishwa ndani nitakuja kuichukua. Kwa sasa mimi ni mtu wa kuwekwa nyuma ya kamba, na kutoka huko nahitaji inayofika.

Nilipomaliza kulipa, nikaomba cheti changu. Mogga akageuka ukutani, akakitazama, hakukitoa haraka. Akaniomba nimwachie wiki moja zaidi. Wateja walikuwa wameanza kumwamini.